Mbao za Manowari Nyumbani kwa Margwe

Mume wangu, Margwe Akonaay, aliishi miaka yake yote bila kuiona bahari, lakini aliijua kwa pua. Hilo nalisema mimi niliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na nane, na asiyeamini shauri yake.

Alizaliwa Masieda, kule juu Mbulu, ambako ukungu wa asubuhi unaingia mpaka jikoni na kuku wanatembea ndani yake unaona vichwa tu. Useremala alijifunza misheni, kwa bruda mmoja mzee aliyempiga kwa rula kila alipokosea kona. Kwa hiyo kona za Margwe hazikukosewa tena. Wanaume wengine walikuja kwetu na maneno. Yeye alikuja na kigoda. Nilikikalia, hakikuyumba, nikamwambia baba yangu huyu anafaa.

Mashamba makubwa ya ngano ya serikali yalipoanza Hanang, wakatafutwa mafundi. Tulihama, tukajenga Masakta: mimi, yeye, mama yake Bernadina, na mdogo wake Bura. Margwe akawa fundi mbao wa karakana. Sakafu za trela, milango ya stoo, vitanda vya madereva, na jeneza pia mtu akifa. Kila asubuhi alipanda baiskeli. Ngano ikishakuwa ndefu, njia inapita katikati yake, na ukimtazama kutoka kwetu huoni baiskeli. Unaona mtu kuanzia kiunoni, anateleza juu ya ngano taratibu, hasukumi kitu, miguu hana. Nilikuwa nasimama na ndoo yangu namtazama mpaka anakuwa mdogo kama punje, na ndoo naisahau.

Bura alikuwa msaidizi wa dereva wa kombaini. Vita vya Kagera vilipokuja akaenda. Vita vikaisha, vijana wawili wa Masakta wakarudi, mmoja na redio, mwingine bila vidole viwili. Bura hakurudi. Ikaja barua, nayo ilisema hajulikani alipo. Mama Bernadina aliisikiliza ikisomwa mpaka mwisho, kisha akasema, "Kama hawajui alipo, si waendelee kutafuta?" Akachukua kibuyu akaenda kukamua.

Toka siku hiyo, miaka minne, msiba ulikaa mlangoni kwetu bila kuingia. Kwetu mtu akifa nyumba inakaa metimani. Mnajitenga. Hamchangii moto wala maji na majirani, watu wanawasalimu kwa mbali, mpaka siku ifike mnyolewe nywele, pombe ipikwe, mrudi kwa watu. Kanisa lilishatuambia tupunguze mambo hayo, na wengi walipunguza. Lakini sisi hata hicho kidogo kilichobaki hatukukifanya kwa Bura, kwa sababu mwenye mtoto ni mama, na mama hakusema amekufa. Margwe angeanzaje? Utamlilia vipi mtu ambaye mama yake bado anampakulia chakula?

Basi Margwe akawa mtu wa kunyamaza. Alikuwa anakaa nje jioni anaangalia mlima Hanang ukiingia kwenye wingu na kutoka, ukiingia na kutoka. Nilijua anachotaka. Alitaka kumlilia mdogo wake siku moja, wazi, mbele za watu, kisha alale usingizi kama zamani.

Sasa, karakana ile ilikuwa na mafundi wa Kikanada. Mmoja tulimwita Bwana Ndevu, kwa ndevu nyekundu zilizofika kifuani. Mezani kwake kulikuwa na kinara cha mshumaa cha mbao chenye kibati cha shaba. Siku moja Margwe alikwenda kupima dirisha la ofisi hiyo, akakiona kinara, akakishika. Badala ya kukitazama akakinusa.

"Mbao gani hii, bwana?"

"Mtiki," Bwana Ndevu akasema. "Ya manowari. Meli ya vita. Imezeeka sana, wamestaafisha yeye."

Patriki wa stoo alikuwa mlangoni, akacheka. "Hata meli inastaafu? Walimpa na kiinua mgongo?"

"Ndiyo," akasema Bwana Ndevu. "Walimpa msumeno."

Wakacheka wote watatu. Kisha Bwana Ndevu akaeleza kwamba kwao meli ya namna hiyo ikikatwa, mbao za sakafu yake ya juu, ile wanayoita sitaha, hazitupwi. Mafundi wanazinunua, wanachonga vinara, makasha madogo, fremu za picha, wanapigilia kibati chenye jina la meli, na watu wanaweka nyumbani kama pambo na kumbukumbu. Akafungua kabati. Ndani kulikuwa na mbao mbili nzito, rangi ya asali iliyoungua, zenye matundu ya misumari. Mama yake alizituma ndani ya sanduku la vipuri.

"Baba yangu alikuwa ndani ya meli hii," akasema. "Mimi nataka wewe tengeneza vitu kumi na mbili. Vidogo. Kila mtu wa kwetu apate. Mwezi wa nane, mavuno, mimi naondoka."

Margwe akakubali. Alirudi nyumbani akaniambia, "Mama Felician, leo nimenusa kitu ambacho sijui kukisema. Kama chumvi, kama ngozi, kama mvua ya mbali."

"Umekunywa?" nikamwuliza.

"Sijanywa."

"Basi utakunywa. Kaa ule."

Siku aliyokwenda kuzichukua ilikuwa mwezi wa nne, na mvua ilimkuta katikati ya ngano. Alifika amelowa, baiskeli matope mpaka kwenye kengele, lakini mbao kazivika magunia mawili na shati lake mwenyewe. Banda lake la kazi lilikuwa linavuja. Akaziingiza ndani ya nyumba, akaziegemeza ukutani, upande anaolala mama yake, kwa sababu ndio upande mkavu. Alifikiri kama fundi, kwamba mbao ni mbao. Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa ambalo Mwiraqw aliyelelewa na Bernadina hakutakiwa kulifanya.

Asubuhi mama hakuinuka kukamua. Alikuwa ameketi kitandani amejifunga shuka, anazitazama mbao.

"Margwe. Ni nini hizi?"

"Mbao za Bwana Ndevu, mama. Za meli."

"Nimemwota mtu," mama akasema. "Mweupe, hana kofia, amelowa maji toka kichwani. Anapita kwenye ngano ananiuliza njia ya kwenda kwao. Mimi sijui lugha yake lakini nilimwelewa. Kila akipiga hatua, ngano inalala, haiinuki. Ni nani huyo?"

Margwe alikuwa hajui kudanganya. Alisimama na kikombe cha chai mkononi akasema yote aliyoambiwa na Bwana Ndevu siku ya kuzichukua. Kwamba baba yake Bwana Ndevu alipigwa na risasi vitani akiwa kazini kwenye sakafu ya meli ile, akafia palepale juu ya mbao. Kwamba wenzake walimfunga kwenye turubai wakamshusha baharini, na meli ikarudi bila yeye.

"Mtu amefia juu yake," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umemwingiza ndani. Amelala kwangu."

Margwe akaweka kikombe chini. Sasa ndipo alipoona alichofanya.

"Basi tuna msiba," mama akasema. "Lazeni tawi njiani. Moto wetu usitoke. Mtu asije."

Hapo mimi nikashindwa. Nilikuwa na mahindi ya kupalilia, nilikuwa na mwali wa dada yangu anakuja Jumapili, na nilikuwa na miaka minne ya kunyamaza imenijaa mpaka hapa. Nikasema, "Mama, huyo ni Mzungu. Amekufa hata mwanao huyu hajaanza kutambaa. Wa kwako umekataa kumlilia, wa watu ndiye utamlilia?"

Margwe alinitazama kama mtu aliyeona nyumba inaanguka. Nililisema, na hata leo sijutii. Lilikuwa limekaa humo ndani muda mrefu mno.

Mama Bernadina hakukasirika. Alisema tu, taratibu, "Huyu amekuja. Nimemwona. Yule hajaja."

Tukakaa metimani. Mama alitoa amri zake. Margwe ataenda kazini, kwa kuwa trela za serikali hazingoji, lakini atakula peke yake. Mbao zitalazwa kwenye kibanda kidogo pembeni ya ua, zifunikwe ngozi ya ng'ombe, na chuma kisiziguse, wala randa, wala patasi, wala msumeno, mpaka siku ya kunyoa. Lini? "Nitajua," akasema.

Siku ya tatu Gidahosh, Mbarabaig wa upande wa Getanuwas aliyekuwa anapitisha ng'ombe kwetu, aliliona tawi akasimamisha ng'ombe wote. Akapaza sauti kutoka mbali.

"Nani amekufa?"

"Mzungu!" nikamjibu.

"Mzungu wenu?"

"Hatumjui!"

"Mwili uko wapi?"

"Ni ubao!"

Akaegemea fimbo yake, akafikiri sana. "Poleni," akasema mwishowe, akawazungusha ng'ombe kwa mbali, wote mia na kitu, mpaka wa mwisho. Hakucheka hata kidogo. Karakana ndiko walikocheka. Patriki alimwona Margwe anakula peke yake nyuma ya trela akamwuliza kama marehemu aliacha mjane. Margwe alimwambia aulize msumeno.

Bwana Ndevu alikuja Jumapili na Landrova, uso mwekundu.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Simama hapo hapo."

Akasimama kwenye tawi. "Margwe, mimi nataka kazi, sitaki msiba. Mwezi wa nane naondoka. Mbao ziko wapi?"

"Mwulize," mama akamwambia Margwe, kama vile mtu yule haongei Kiswahili, "mwulize nani alinyoa nywele kwa ajili ya baba yake."

Bwana Ndevu alishangaa. "Hakuna. Kwetu watu wanasimama, mtu mmoja anapiga tarumbeta."

"Mke wake hakunyoa?"

"Hapana."

"Watoto?"

"Mimi nilikuwa na miaka sita."

"Hukulia?"

"Waliniambia mtoto wa kiume halii."

Mama akanigeukia. "Umesikia? Ndiyo maana baba yake analowa mpaka leo."

Bwana Ndevu alitazama kibanda. Nafikiri alitaka kubishana, midomo ilishafunguka. Kisha yule mtu mkubwa akakaa chini, kwenye matope, upande wake wa tawi, akakumbatia magoti. Mama naye akaketi upande wake. Akaanza kumwuliza. Baba yako alikuwa mrefu? Alipenda kula nini? Alikuwa na sauti gani akikuita? Vingine Bwana Ndevu alikumbuka, vingine hakukumbuka, na kila asichokumbuka mama alisema, "Jumapili ijayo utakumbuka."

Akawa anakuja kila Jumapili. Sitasahau miezi ile. Mvua ikapungua, ikawa manyunyu, ikawa umande. Ngano ikapanda mpaka ikaficha Landrova, na tulijua anakuja kwa sauti tu, hatuoni gari, ngano inafunguka na kujifunga. Mama alikuwa anaziongelesha mbao kila asubuhi, kwa Kiiraqw, anaziambia hali ya hewa na ng'ombe gani amezaa. Margwe alikuwa anapita karibu na kibanda mikono nyuma, hagusi, ananusa tu. Aliniambia anaota maji. Maji mengi, ya buluu, hayana ng'ambo, na yeye amesimama juu ya sakafu inayopumua. "Na Bura yupo?" nilimwuliza. Akasema, "Yupo ukingoni, amenipa mgongo. Nikimwita, maji yanachukua sauti."

Ngano ikaanza kubadilika rangi. Kombaini zikatolewa bandani zikapakwa grisi. Margwe akahesabu siku, vitu kumi na viwili, akaanza kuogopa. Angemwuliza mama, lakini aliona akimwuliza ni kama kumfukuza mgeni wake. Na mimi nilijua kinachomwuma zaidi si kazi. Mama yake alikuwa ameketi miezi mitatu na marehemu wa watu, kwa upendo wote ule, na jina la Bura halijatoka mdomoni mwake. Kila siku aliyokaa mama pale, Margwe alizidi kuona kwamba hilo nalo litapita, nywele zitanyolewa kwa ajili ya Mzungu, na mdogo wake atabaki hivyo hivyo, hayuko kaburini, hayuko nyumbani.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi kali, mama akaniita. "Mama Felician, chemsha maji. Leta wembe mpya."

Nilimketisha juani, kwenye kile kigoda changu cha uchumba, mbele ya kibanda. Margwe alikuwa anajiandaa kwenda kazini, akasimama na baiskeli yake. Nikamlowesha mama kichwa kwa maji ya uvuguvugu na maziwa kidogo. Nywele zake zilikuwa nyeupe, nyepesi, zinashikamana kama nyuzi za buibui. Nikaanza upande wa kulia. Zilianguka kwenye sanda... si sanda, ni kanga yangu, lakini niliiona hivyo.

Nilipofika katikati akanishika mkono.

"Ngoja. Huo uliomaliza ni wa baba yake Ndevu."

"Ndiyo, mama."

"Huu wa kushoto nyoa taratibu. Ni wa Bura."

Mimi nisiyenyamaza, siku hiyo nilinyamaza, nikanyoa upande ule taratibu kama anavyonyolewa mtoto mchanga. Baiskeli ilianguka nyuma yangu. Sikugeuka. Nilisikia Margwe akikaa chini palepale, kisha nikamsikia akilia, kwa sauti, kama ndama aliyetenganishwa na mama yake, bila aibu yoyote, na majirani wote wanasikia, na mama anasema, "Mwacheni. Mwacheni alie. Amechelewa."

Pombe ilipikwa. Tawi likaondolewa, watu wakaja, hata katekista aliyekuwa ametununia alikuja akanywa vikombe viwili. Bwana Ndevu alifika, mama akamtazama akasema, "Na hiyo midevu je?" Akakaa kwenye kigoda kilekile, nikamnyoa mimi. Chini yake kulikuwa na kidevu kidogo, cheupe, cha mtoto wa miaka sita. Watoto walikimbia.

Margwe alifanya kazi siku tisa, ruhusa alipewa na Bwana Ndevu mwenyewe. Hakuchonga vinara kama kile cha mezani. Alichonga vigoda kumi na viwili vya miguu mitatu, kila kimoja kinakaa kwenye kiganja, na ukikiweka mezani hakiyumbi. Maranda yake mama aliyachoma jikoni, na siku hizo tisa nyumba yetu ilinukia kitu ambacho hakuna mtu wa Hanang aliyewahi kukiona. Bwana Ndevu alipigilia vibati vyake. Alitaka tubaki na kigoda kimoja. Mama akakataa. "Huyo ni wenu, nenda naye kamili. Usimwache mguu."

Akaondoka mavuno yakiwa nusu, kombaini zinatembea kwenye vumbi la dhahabu, Landrova ikazama humo.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulikuwa tunakula makande. Mama akamwambia Margwe, "Umewachongea watu wa mbali vigoda kumi na viwili. Bura utamchongea nini?"

Margwe akafikiri. "Sina kitu chake cha mbao, mama. Sina chochote alichokanyaga."

"Basi tumseme," mama akasema. "Anza wewe."

Margwe akaweka kijiko chini. "Alikuwa anapenda sana maziwa ya mgando," akasema.

"Alikuwa anapenda?" mama akasema, na bega likaanza kutikisika kwa kicheko. "Alikuwa anaiba! Mwizi yule! Anakunywa, anajaza maji kwenye kibuyu, mimi nalaumu ng'ombe. Nilimpiga ng'ombe mzuri bure!"

Tukacheka mpaka makande yakapoa. Kisha mama akafuta macho kwa ncha ya shuka, akanisogezea sahani yake, akasema, "Endelea, Margwe. Ulikuwa unajua, wewe. Alikuwa anajificha wapi na kibuyu?"